Kuondoa Kutu kwenye Bunduki ya Zamani ya Kijeshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wanaomiliki kihalali bunduki za zamani ambazo majeshi yaliacha kuzitumia na kuziuza: Mosin-Nagant ya Urusi, Lee-Enfield ya Uingereza, Mauser ya Ujerumani, M1 Garand ya Marekani na nyingine za rika lao. Nyingi zilipita vitani, zikakaa ghalani miongo kadhaa ndani ya grisi, kisha zikaangukia mikononi mwa watu ambao tamaa yao ya kwanza ilikuwa kuzing'arisha. Ninaomba msomaji aizuie tamaa hiyo. Kazi iliyo mbele yetu ni kuondoa kutu nyekundu inayoendelea kula chuma, na kuacha mengine yote yalivyo: weusi uliofifia, alama za mikwaruzo, mihuri ya wakaguzi na rangi ya uzee, kwa sababu hayo yakishatoka hakuna fundi anayeweza kuyarudisha.

Nianzie wapi kabla ya kugusa kutu yenyewe?

Anza kwa kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, hata kama uliyeipokea kwake amekuapia kwamba ni tupu. Toa magazini kama inatoka, fungua bolti (chuma kinachosogea kufunga nyuma ya mtutu), mulika chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa, kwa tochi, kisha ingiza kidole uguse, maana jicho hudanganyika kwa urahisi kwenye chemba iliyojaa grisi iliyoganda. Baada ya hapo pitisha mdeki, yaani ufito wa kusafishia mtutu, kupitia mdomo wa mtutu, taratibu, hadi uonekane ukitokeza kwenye chemba. Mdeki ukigota njiani, kuna kitu kimeziba, na kitu hicho kinaweza kuwa kitambaa kilichosahauliwa, kiota cha mdudu au risasi iliyokwama.

Hutokea bolti ikashikwa na kutu isifunguke kabisa. Bunduki ya namna hiyo ihesabiwe kuwa imejaa risasi mpaka ithibitike vinginevyo: usiigonge kwa nyundo, usiipashe moto, usiichemshe, bali mpelekee fundi bunduki mwenye leseni mdomo wa mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama wakati wote. Ninalisisitiza jambo hili kuliko yote yatakayofuata, kwa kuwa risasi iliyozeeka miaka 70 bado inaweza kulipuka.

Je, kutu yote ni mbaya?

Hapana, na anayelielewa jibu hili ameshapata nusu ya kazi. Kutu nyekundu ni oksidi ya chuma iliyochanganyika na maji. Ni laini, ina vinyweleo, hunyonya unyevu wa hewani na kuushikilia juu ya chuma, kwa hiyo kadiri inavyokaa ndivyo inavyochimba. Weusi ulioko juu ya bunduki nyingi za zamani nao ni oksidi ya chuma, ila ya aina nyingine iitwayo magnetiti, ambayo hushikamana na chuma na, ikipakwa mafuta, hupunguza kasi ya kutu mpya. Kiwandani weusi huo ulitengenezwa kwa makusudi. Kwa njia mojawapo ya kale, chuma kiliachwa kishike kutu nyekundu kwa kiasi, kikachemshwa kwenye maji hadi kutu ile igeuke nyeusi, kikasuguliwa, na zoezi likarudiwa mara kadhaa.

Kuna pia rangi ya kahawia iliyokolea, tulivu na nyororo kidoleni, ambayo chuma hujipatia chenyewe kwa kushikwa na mikono na kupakwa mafuta kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo rangi ya uzee. Pitisha kitambaa cheupe kikavu juu ya sehemu unayoishuku: kikitoka na unga wa rangi ya machungwa, kutu hiyo iko hai na iondolewe, kikitoka kisafi, yaelekea unachokitazama ni rangi ya uzee, nayo iachwe.

Mbona wengi wanashauri siki, asidi ya fosfori au maji ya kuondolea kutu yanayouzwa madukani?

Kwa sababu vinafanya kazi, na ubaya wake ni huohuo. Asidi haiwezi kutofautisha oksidi nyekundu na oksidi nyeusi. Huondoa zote mbili, na chuma hutoka cha kijivu, tupu, kama kilichochubuliwa ngozi. Hata dawa zinazosifiwa kuwa si asidi kali, zile zinazofanya kazi kwa kuzishika chembe za chuma zilizomo kwenye kutu, zinaweza kuondoa weusi wa kiwandani vikikaa pamoja kwa muda wa kutosha.

Miaka mingi iliyopita nililoweka ndani ya siki bamba la kulengea la nyuma la bunduki moja, nikiwa nimekusudia kuliacha kwa nusu saa tu. Kutu ilitoka yote. Lakini ule weusi uliokuwa umezizunguka tarakimu za umbali, ukizifanya zisomeke vizuri, ulitoka nayo, na hadi leo bamba lile ni jeupe kati ya vipande vyeusi. Siki ina nafasi yake kwenye majembe na vifaa vya karakana. Juu ya chuma cha kihistoria chenye weusi wake wa asili, naipinga moja kwa moja.

Nikusanye vifaa gani?

Mafuta mepesi ya bunduki au mafuta ya kupenya yanayotumika kulegeza skrubu zilizoganda, sufi ya chuma ya daraja laini kabisa, namba 0000, brashi yenye nyaya za shaba na nyingine ya nailoni, vipande vya pamba visivyoacha nyuzi, glavu za mpira, taa nzuri. Tafuta pia kipande cha shaba, kikiwa bapa na chenye ukingo ulionyooka, kwa ajili ya kukwangua. Shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, ndiyo maana hubandua uvimbe wa kutu bila kukichana chuma kilicho chini yake. Angalia tu kwamba ni shaba kweli na si chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Sumaku itakuambia mara moja.

Msasa, tupa na brashi ya nyaya za chuma iliyofungwa kwenye mashine vibaki kabatini. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto, na usitumie petroli kwa kusafishia chochote.

Kutu ya nje inaondolewaje, hatua kwa hatua?

Chagua kwanza sehemu ndogo isiyoonekana sana, kwa mfano upande wa chini wa mtutu unaofunikwa na mbao, ukubwa wake usizidi ukucha wa kidole gumba. Paka mafuta ya kutosha na uyaache. Kutu nyepesi hutosheka na nusu saa. Kutu nene yenye vibonge inahitaji siku nzima au zaidi, ukiongeza mafuta kila yanapokauka. Mafuta hupenya kwenye vinyweleo vya kutu na kuilegeza, na saa zinazopita bila wewe kugusa kitu ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi.

Kisha nyofoa kipande kidogo cha sufi ya chuma, kikubwa kiasi cha kushikika kwa vidole viwili, kiloweshe mafuta, usugue kwa duara ndogondogo bila kukandamiza. Baada ya mizunguko michache mafuta yatageuka kahawia yenye wekundu, mazito kama tope jembamba. Yafute yote kwa kitambaa, paka mengine, endelea. Usisugue ndani ya tope lile, kwa kuwa chembe za kutu zilizobanduka nazo huwa msasa. Mara ya tatu au ya nne utaona mafuta yakitoka na wekundu hafifu, na chini yake weusi ukianza kujitokeza ukiwa na madoa ya kijivu pale kutu ilipokuwa imekwisha kuula. Kitambaa kikianza kutoka na rangi nyeusi au ya kijivu badala ya nyekundu, simama hapohapo, maana sasa unakula weusi wenyewe.

Uvimbe usiotoka kwa sufi uwekee mafuta usiku kucha, kisha ukwangue kwa ukingo wa kile kipande cha shaba, ukikilaza karibu sawasawa na uso wa chuma. Sauti yenyewe hukuongoza: penye kutu shaba hukwaruza kwa mkwaruzo mkavu, na ikifika kwenye chuma huteleza kimya. Karibu na mihuri na namba za utambulisho weka sufi pembeni, utumie brashi ya nailoni na mafuta peke yake, kwa kuwa kingo za herufi zilizogongwa huwa na weusi mwembamba kuliko sehemu nyingine. Namba hizo, pamoja na thamani yake ya kihistoria, zina uzito wa kisheria. Katika nchi nyingi kuzifuta au kuzifanya zisisomeke ni kosa la jinai.

Bunduki yangu imefunikwa na grisi ngumu ya kahawia. Je, hiyo ni kutu?

Sivyo, na pengine ndiyo iliyoiokoa. Ni grisi ya kuhifadhia chuma itokanayo na mafuta ghafi, ijulikanayo kama kosmolini, na majeshi mengi yalitumia mchanganyiko wa aina hiyo. Ikizeeka hukauka na kuwa ngumu kama nta, na mara nyingi watu huidhania kuwa kutu au uchafu. Hulainika kwa joto la wastani, kwa hiyo vyuma vilivyofunguliwa viwekwe kwenye jua kali juu ya magazeti au vimiminiwe maji ya moto, kisha vifutwe kwa kitambaa chenye tapentaini ya madini au mafuta ya taa. Ukishaitoa, chuma kinabaki uchi kabisa. Kipake mafuta siku hiyohiyo.

Je, ni lazima niitenganishe bunduki na mbao zake?

Ikiwezekana, ndiyo, kwa kuwa kutu mbaya kuliko zote kwa kawaida iko pale pasipoonekana, kwenye mstari ambapo mbao inagusana na chuma. Mbao hunywa maji ya mvua na jasho na kuyashikilia ubavuni mwa mtutu kwa muda mrefu. Nimeona bunduki ambazo juu zilionekana safi kabisa, lakini mbao ilipoinuliwa mtutu ulikuwa na ukanda wa vishimo urefu wa kiganja.

Kila muundo una utaratibu wake wa kufunguliwa na inafaa uusome kabla ya kushika bisibisi. Mfano ninaoujali sana ni wa Lee-Enfield ya muundo wa SMLE, iliyotumiwa na majeshi ya Dola ya Uingereza tangu mwanzo wa karne ya 20. Kitako chake kimeshikwa na boliti ndefu, yaani skrubu kubwa na si ile bolti ya kufungia chemba, iliyo ndani yake, na ncha ya boliti hiyo ni ya mraba, ikiwa imekaa ndani ya kibamba kilichomo kwenye mbao ya mbele. Anayeifungua boliti ya kitako kabla ya kuitoa mbao ya mbele huizungusha ile ncha ya mraba ndani ya kibamba, na mbao ya mbele hupasuka. Mbao ile imedumu karne nzima, nayo hupotea kwa zungusho moja la bisibisi. Toa mbao ya mbele kwanza, kila mara.

Kwa bunduki zote, bisibisi iwe na upana na unene unaojaza mfereji wa skrubu barabara. Skrubu zilizoganda ziwekee mafuta ya kupenya kwa siku mbili au tatu kabla ya kuzilazimisha, na kila moja iwekwe mahali pake ili irudi ilikotoka, kwa kuwa mara nyingi hazilingani urefu.

Ndani ya mtutu nasafishaje?

Kwanza uelewe kutu ya humo imetoka wapi. Risasi nyingi za kijeshi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, na za nchi za kambi ya Kisovieti kwa miaka mingi baadaye, zilikuwa na fataki, yaani kiwashio cha baruti kilicho kwenye kitako cha risasi, zenye klorati ya potasiamu. Fataki hiyo ikiwaka huacha kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo jamaa ya karibu ya chumvi ya mezani, ambayo huvuta unyevu kutoka hewani na kukalisha kutu ndani ya mtutu kwa muda wa siku chache au hata saa, kutegemea hali ya hewa. Marekani iliachana na fataki hizo kwa risasi zake za kawaida za bunduki mwanzoni mwa miaka ya 1950, ingawa risasi za bunduki yake fupi ya M1 Carbine hazikuwa nazo tangu zilipoanza kutengenezwa.

Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mtutu uliopigiwa risasi za aina hiyo uoshwe kwanza kwa maji ya moto, na mafuta yafuate. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa na faneli maalumu ya kumiminia maji yanayochemka ndani ya mtutu kuanzia upande wa chemba, na joto la maji hayo lilisaidia mtutu ukauke wenyewe kabla ya kupakwa mafuta. Wapo wanaotumia sabuni ya kusafishia vioo yenye amonia wakiamini kwamba amonia ndiyo inayoondoa chumvi. Kinachofanya kazi humo ni maji, na maji matupu ya moto yanatosha.

Kwa kutu iliyokwisha kukaa, jaza mtutu mafuta ya kupenya na uuache usiku kucha, kisha tumia brashi ya shaba ya kipimo cha mtutu wako kwenye mdeki wa kipande kimoja, ukiingilia upande wa chemba kila inapowezekana. Pitisha brashi hadi itokeze yote nje kabla ya kuirudisha. Ukiigeuza ikiwa katikati ya mtutu nyaya hujikunja na kukwama. Fuatisha vipande vya kitambaa hadi vitoke visafi, na urudie siku nyingine, kwa kuwa mtutu uliopuuzwa miaka 50 hausafiki kwa jioni moja.

Linda sana mdomo wa mtutu. Mdeki unaoingizwa kupitia mdomoni na kusugua ukingo mmoja hula mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, mahali ambapo usahihi wa shabaha unategemea kuliko kwingine kote. Kwenye Mosin-Nagant nyingi zilizokarabatiwa na karakana za Kisovieti utaona mdomo umetobolewa kwa upana zaidi kwa sentimita kadhaa. Ndivyo mafundi walivyoziokoa bunduki ambazo midomo yake ilikuwa imekwisha kuliwa. Baadhi ya silaha, zikiwemo bunduki nyingi za SKS zenye asili ya Kisovieti na Type 99 za mwanzo za Japani, zina utando wa kromi ndani ya mtutu, nazo huhimili kutu vizuri zaidi.

Nimeondoa kutu na kuna vishimo. Je, bunduki bado inaweza kupigwa?

Swali hili halijibiwi kwa maandishi, linajibiwa na fundi bunduki aliyeishika. Vishimo vidogo ndani ya mtutu hushika uchafu na athari yake kwa shabaha huonekana kwenye karatasi ya kulengea, ila mara nyingi si hatari. Vishimo ndani ya chemba vinaweza kulishika ganda la risasi lisitoke. Vishimo virefu kwenye mtutu chini ya mbao, karibu na chemba mahali penye msukumo mkubwa wa gesi, ni jambo zito, na bunduki ya namna hiyo ni afadhali ibaki ya kutazamwa tu.

Mwombe fundi pia apime kwa vipimo maalumu nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda, hasa kama namba ya bolti hailingani na namba ya mwili wa bunduki, hali ambayo ni ya kawaida kwa silaha zilizopita maghalani. Usijaribu kuondoa vishimo kwa kusaga chuma. Kishimo ni chuma kilichokwisha kuondoka, na kusaga ni kukishusha chuma chote kilichobaki hadi usawa wa shimo.

Nimesikia kwamba kuchemsha bunduki kunaigeuza kutu nyekundu kuwa nyeusi. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa maoni yangu ndiyo njia yenye heshima kuliko zote kwa bunduki ambayo kutu imeenea juu ya uso wake wote, kwa sababu inairudisha kutu kwenye weusi badala ya kuitupa. Kipande husika, kikiwa hakina mbao, hakina springi wala mafuta hata kidogo, huzamishwa ndani ya maji yaliyotoneshwa yanayochemka kwa dakika 20 hadi 30. Maji ya bomba huacha madoa ya madini, ndiyo maana hayafai. Kutu nyekundu iliyo nyembamba hugeuka nyeusi, laini kama mahameli, na sehemu iliyolegea juu yake husuguliwa kwa sufi ya chuma iliyooshwa ikaondolewa mafuta yake ya kiwandani. Wekundu ukibaki, chemsha tena.

Kutu nene iondolewe kwanza kwa mafuta na shaba, kwa kuwa maji hayatabadilisha uvimbe hadi chini. Kipande kikitoka majini kikaushwe papo hapo, ndani na nje, wakati bado ni cha moto, kisha kizamishwe kwenye mafuta. Tatizo kubwa ni chombo: mtutu wa Mosin-Nagant 91/30 una urefu wa sentimita 73, na ukiunganishwa na mwili wake unahitaji karai refu la chuma lenye moto chini kotekote. Usiingize nusu ya kwanza kisha ugeuze, maana mpaka kati ya nusu hizo mbili utaonekana daima.

Na njia ya umeme, yaani elektrolisisi?

Inafaa kwa vipande vilivyoliwa kupita kiasi ambavyo havina tena weusi wa kuhifadhiwa, kama vile kisu cha bunduki kilichofukuliwa ardhini. Kipande huunganishwa na upande hasi wa chaja ndani ya maji yenye magadi ya kufulia, na kipande kingine cha chuma chakavu huunganishwa na upande chanya. Chuma hicho kisiwe cha pua kisichoshika kutu, kwa kuwa kromi yake inaweza kugeuka kuwa sumu kali ndani ya maji. Gesi inayotoka ni hidrojeni, nayo hulipuka, basi fanyia nje. Springi na sehemu zilizokazwa ugumu usizitie humo, kwa kuwa hidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla.

Bunduki yangu si nyeusi ya kung'aa, ni ya kijivu iliyokwaruza. Je, utaratibu ni uleule?

Hiyo huenda ni fosfeti ya zinki au manganizi, ambayo Marekani iliitumia sana kwenye silaha zake za Vita Kuu ya Pili. Uso wake una vinyweleo vilivyokusudiwa kushika mafuta, kwa hiyo mafuta ni mengi, kusugua ni kidogo, na brashi ya nailoni huja kabla ya sufi. Asidi huiondoa kabisa. Lee-Enfield nyingi zilizokarabatiwa baada ya vita hiyo zilipakwa rangi nyeusi juu ya fosfeti na kuokwa. Pale rangi ilipobanduka, ondoa kutu ya hapo tu na usiinue rangi inayoizunguka.

Je, nipake dawa ya kurudisha weusi pale palipobaki peupe?

Dawa za kupaka baridi zipo na zinatoa weusi wa haraka, lakini weusi huo ni mwembamba, hauzuii kutu kwa kiwango cha weusi wa kiwandani, na mkusanyaji mzoefu huutambua akiwa bado hajaishika bunduki. Kwenye skrubu moja iliyochubuka siwezi kumlaumu mtu. Kwenye mtutu mzima nasema hapana. Kuipeleka bunduki yenye mihuri yake yote ikasuguliwe na kutiwa weusi upya kunaishusha thamani sana, na kunafuta ushahidi wa karakana zilizoipitia na mikono iliyoibeba.

Mbao nazifanyaje?

Usizipige msasa, kwa sababu mihuri iliyogongwa kwenye mbao ina kina kidogo sana na hutoweka kwa msasa wa dakika chache. Futa uchafu kwa kitambaa chenye tapentaini ya madini kidogo, uziache zikauke, kisha paka mafuta ya kitani kwa tabaka nyembamba sana. Bunduki nyingi za Kisovieti zilipakwa shelaki, ambayo huyeyuka kwenye spiriti, kwa hiyo spiriti isiziguse.

Vitambaa vilivyoloweka mafuta ya kitani ni hatari ambayo wengi hawaijui. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vikifinyangwa pamoja au kurundikwa ndani ya pipa la taka vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke na kuwa vigumu, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Niihifadhi vipi isishike kutu tena?

Shika chuma ukiwa na glavu, au kifute baada ya kila kushika, kwa sababu jasho la vidole lina chumvi, nami nimeona alama kamili ya kidole gumba ikiwa imechorwa kwa kutu juu ya bolti. Paka mafuta membamba; kwa bunduki itakayokaa bila kutumika kwa muda mrefu, nta ya aina iliyobuniwa katika British Museum ya London miaka ya 1950 kwa ajili ya vitu vya makumbusho ni bora zaidi, kwa kuwa haitiririki wala haikusanyi vumbi. Unyevu wa chumba uwe kati ya asilimia 40 na 50 ikiwezekana, kwa maana chini ya hapo mbao huanza kukauka na kupasuka. Vifuko vya jeli ya silika vinasaidia ndani ya kabati lililofungwa vizuri, mradi vikaushwe mara kwa mara. Ala ya ngozi, mfuko wa kitambaa na sanduku lenye sponji ni vya kusafiria tu, kwa kuwa vyote hushika unyevu na kuukumbatiza na chuma.

Nilisafisha vizuri, na baada ya wiki mbili wekundu umerudi mahali palepale. Nimekosea nini?

Yaelekea hukukosea. Chini ya vishimo hubaki chumvi ambayo mafuta hayakuifikia, na ikipata unyevu huanza upya. Toa mafuta yote ya mahali hapo kwa tapentaini, osha kwa maji ya moto yaliyotoneshwa ukitumia brashi ya nailoni kuyasukuma ndani ya vishimo, kausha kwa hewa ya moto, kisha paka mafuta na uifute kwa kitambaa cheupe kila baada ya siku saba. Vishimo virefu huhitaji zoezi hili mara mbili au tatu. Kitambaa kikitoka cheupe kwa wiki nne mfululizo, paka nta na uirudishe mbao yake.